Hewa ya Ruiru, Rangi ya Plagi

Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Membley, hapa jirani na makutano ya Thika Road na Eastern Bypass, iko kwenye kimo hichohicho. Sisi tunaoishi huku hatuhisi chochote. Mapafu yamekwisha kuzoea. Injini ya kabureta haizoei. Shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 83 ya lile la Mombasa, kwa hiyo kila pistoni inaposhuka kuvuta pumzi hupata hewa pungufu, na nguvu hupotea takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Injini iliyopimwa kiwandani Japani ikatoa hosipawa 75, huku kwetu itatoa 63 au 64, tena ikiwa nzima kabisa.

Kupungua kwa nguvu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayonishughulisha. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inayofyonzwa kwenye jeti haipungui kwa kiwango kilekile. Hewa hupungua sana, mafuta hupungua kidogo, na mchanganyiko unazidiwa na mafuta kwa karibu asilimia 8. Kabureta iliyopimwa sawasawa kwa mji wa bandari inafika Ruiru inakunywa kupita kiasi. Mwenye gari haulizi habari za hewa. Atamlaumu fundi, au ataulaumu uzee wa gari, kisha ataingia madukani.

Hamu ya kijana mwenye Corolla DX au Datsun 1200 kutaka gari lake liamke naielewa, kwa sababu ninayo. Ni hamu njema. Inatokana na kupenda kitu ambacho unaweza kukifungua kwa spana, ukakiona kinavyofanya kazi, ukakirudisha kikiwa bora. Lakini karibu kila mara huanza na ununuzi: kabureta kubwa zaidi, plagi za mbio, bomba nene la eksozi. Mimi nashikilia kwamba injini ya barabarani hutengenezwa kwa kuuliza kwanza inaishi wapi, inakunywa nini, na asubuhi inakwenda wapi. Vipuri vinafuata baada ya majibu, na mara nyingi huwa vichache kuliko ulivyodhani.

Chukua plagi. Kazi yake ya kwanza kila mtu anaijua, kutoa cheche. Ya pili ni kuondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye kichwa cha silinda, na wepesi wa kulipeleka ndio unaotofautisha plagi ya moto na plagi ya baridi. Kauri ya ndani ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye chuma, na ncha inabaki na moto wake. Ikiwa fupi, ncha inapoa upesi. Kuna kiwango ambacho ncha haina budi kukaa ndani yake. Ikishuka chini ya nyuzi 450 hivi za Selsiasi haiwezi kujisafisha. Masizi yanaganda juu ya kauri, umeme unapita humo badala ya kuruka mwanya, na injini inamisi. Ikipanda kupita nyuzi 800 na kitu, ncha yenyewe inawasha mafuta kabla cheche haijatoka, na hapo pistoni hutoboka. Hatua moja ya namba huhamisha joto hilo kwa nyuzi 70 hadi 100.

Na namba hizo zina mtego wake. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume. Mtu anayehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine akidhani 7 ni 7 popote anaweza kuwa anatembea upande usio wake bila kujua. Herufi nazo zina maana. Kwenye BPR6ES ya NGK, B ni uzi wa milimita 14, P ni kauri iliyochomoza, R ni kizuizi cha ndani kinachozuia redio isikwaruze, 6 ndiyo joto, E ni urefu wa uzi wa milimita 19, na S ni kiini cha shaba. Ile E usiichukulie kirahisi. Plagi fupi hujificha ndani ya tundu lake na moto hauenei vizuri. Iliyo ndefu kupita kiasi huweza kugongana na pistoni.

Kuna fundi mmoja mzee wa Ruiru ambaye vijana humwendea wakitaka plagi za baridi sana, kwa sababu wamesikia ndizo za mashindano. Nilikuwepo mmoja alipomwomba.

"Mzee, niwekee namba 9."

"Kijana wangu, kutoka Membley hadi mjini asubuhi, unakanyaga mafuta mpaka chini mara ngapi?"

"Labda nikishapita Githurai, mzee, jamu ikiachia."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nasimama tu na wenzangu."

Mzee akafungua droo akatoa namba 6, zilezile ambazo gari lilikuwa nazo, ila mpya. Kijana hakufurahi. Lakini swali aliloulizwa lilikuwa ndilo swali lenyewe, na jibu alilitoa kwa kinywa chake. Barabara hii ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, pana kuliko tulizokuwa tumezoea, na bado asubuhi tunasimama. Injini inayosimama kwa mizunguko 800 kwa dakika haina joto la kutosha kuisafisha plagi ya mashindano. Namba 9 itakufa kwa masizi kabla haijafika Roysambu. Ukiongeza mgandamizo wa silinda, ukabadilisha kemshafti, ukaanza kweli kulikanyaga gari kwa muda mrefu, shuka hatua moja upande wa baridi, kutoka 6 hadi 7, kisha usome. Zaidi ya hapo kwa gari la kwendea kazini sijaona sababu.

Kabla ya kusoma, hakikisha unachokisoma ni plagi. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu 2008, na bado sokoni bandia zipo, zimefungwa vizuri kwenye boksi linalofanana na la kweli. Mimi huenda dukani na mita ya umeme. Plagi yenye herufi R ikipimwa kutoka kichwa hadi ncha ya kati husoma karibu ohmu 5,000. Bandia nyingi husoma sifuri, au hazisomi kabisa. Kisha naangalia ncha ya kati kama imekaa katikati kweli, maandishi kama yanafutika kwa ukucha, na ile pete ya chuma shingoni kama inachomoka kirahisi. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukipima. Mwanya nao ni wa kupima mwenyewe, hata boksi likisema umepimwa: milimita 0.8 kwa distributa ya pointi ni mahali pazuri pa kuanzia, na moto wa kielektroniki wenye koili kali unaweza kuruka 1.0 au 1.1.

Sasa kusoma. Plagi ikitolewa baada ya gari kungurumishwa nje ya gereji inaeleza habari za gereji. Ukitaka habari za barabara, piga gari moto mpaka injini ipate joto lake, nenda pahali ambapo unaweza kulikanyaga kwa gia ya tatu kwenye mwinuko bila kumhatarisha mtu, shikilia mafuta chini kwa muda, kisha kwa mpigo mmoja kanyaga klachi, zima moto, uliache liserereke hadi pembeni. Zima hatua moja tu ya ufunguo, usije ukaufunga usukani. Hapo chomoa plagi, glavu mkononi.

Iinamishe kwenye mwanga. Wengi hutazama ncha wakaridhika. Ncha hubadilika upesi, inaeleza dakika chache zilizopita. Mimi natazama ndani, pale kauri inapozama kwenye mwili wa chuma, kwa lenzi ndogo ya sonara ikiwezekana. Huko chini kabisa kuna pete ya masizi, na pete hiyo ndiyo inayoeleza jeti kuu. Ikiwa nyembamba, ya rangi ya kijivu iliyokolea, mchanganyiko uko karibu. Ikiwa nene, nyeusi, ya kupaka vidole, mafuta yamezidi. Ikiwa haipo kabisa na kauri ni nyeupe ya chokaa yenye vidoadoa vinavyong'aa, acha kukanyaga, rudi nyumbani polepole: hewa imezidi, na vidoa hivyo huenda ni alumini ya pistoni yako. Kisha tazama ule ukucha wa juu unaopokea cheche. Joto huacha mstari wa rangi juu yake. Mstari ukiwa karibu na kona ya mkunjo, joto la plagi linafaa. Ukiwa umeishia kwenye ncha tu, plagi ni ya baridi mno. Ukiwa umeshuka hadi kwenye uzi, ni ya moto mno. Yaani kauri inazungumzia petroli, ukucha unazungumzia joto. Mtu akizichanganya habari hizo mbili atabadilisha plagi mahali ambapo jeti ndiyo ilitakiwa ibadilishwe.

Vitabu vya zamani vinasema plagi njema ni ya rangi ya biskuti. Ilikuwa kweli wakati wake. Sehemu ya rangi ile ilitoka kwenye risasi iliyokuwa ndani ya petroli, na risasi hiyo iliondolewa katika nchi zote za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. Kampeni ya kuiondoa dunia nzima iliongozwa kutoka hapa kwetu, makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, ambalo Agosti 2021 lilitangaza kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli hiyo kwa magari. Ni ushindi mkubwa wa afya za watoto, na ninauonea fahari kama mtu wa mji huu. Kwa msomaji wa plagi maana yake ni kwamba rangi ya biskuti haiji tena kwa urahisi. Petroli ya leo huiacha kauri karibu nyeupe hata mambo yakiwa sawa, na anayefukuzia rangi ya kitabu ataongeza mafuta mpaka injini izame. Ndiyo maana nasisitiza pete ya chini.

Kuna ushahidi mwingine ambao plagi hutoa bila kuulizwa. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huacha masizi makavu na kufanya injini igonge ikipanda kilima. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuwaondolea wachanganyaji faida, lakini plagi zote nne zikigeuka nyeusi baada ya kujaza tenki mahali pageni, na hujagusa kabureta, badilisha kituo kabla hujabadilisha jeti.

Kabureta yenyewe nina msimamo nayo. Kwa injini ya 1,200 au 1,300 inayoishi Membley, nachukua Weber moja ya 32/36 kuliko jozi ya 40 za kulala. Jozi ni nzuri kuitazama na inaimba vizuri, hilo silikatai. Lakini kabureta hufyonza mafuta kwa mwendo wa hewa inayopita kwenye koo lake. Koo likiwa pana kuliko pumzi ya injini, hewa inapita taratibu, petroli haitoki sawasawa, na ukikanyaga kutoka kwenye tuta gari linakata pumzi kwanza ndipo liende. Na pumzi yetu huku ni pungufu tangu mwanzo. Ile 32/36 hufungua koo la milimita 32 peke yake ukiwa kwenye jamu, na la 36 huamka mguu ukizama. Imetengenezwa kwa ajili ya maisha ya namna mbili, na hayo ndiyo maisha ya gari la barabara hii.

Usiiguse kabla ya kumaliza mengine. Pima nafasi za vali, pointi, taimingi. Badilisha kichujio cha hewa, hasa ukikaa huku ambako mashamba ya kahawa yanageuka nyumba na malori ya mawe hayakomi. Kichujio kilichojaa vumbi jekundu huongeza mafuta kwenye mchanganyiko kama vile umeweka jeti kubwa. Angalia usawa wa floti. Ndipo ufungue skurubu ya mchanganyiko mzunguko mmoja na nusu, injini ikiwa na moto, uifunge taratibu mpaka injini ianze kuyumba, uifungue mpaka ipande na kutulia, kisha urekebishe mizunguko. Ukitumia geji ya vakyumu, kumbuka kitabu kinaposema inchi 18 hadi 20 kinazungumzia usawa wa bahari. Inchi moja hupungua kwa kila mita 300. Ruiru ukipata 14 au 15 iliyotulia, injini yako ni nzima. Wapo waliofungua vichwa vya silinda vizima kwa sababu ya geji iliyosema kweli.

Jeti za Weber huandikwa kwa sehemu za mia za milimita: 140 ni tundu la milimita 1.40. Ile ziada ya asilimia 8 tuliyoitaja mwanzo inaondoka kwa kushuka hatua moja ndogo, kutoka 140 hadi 135, kwa sababu eneo la tundu hupungua upesi kuliko kipenyo. Hatua moja. Kisha barabarani, kisha plagi, kisha lenzi. Ukibadilisha jeti na mwanya na taimingi siku moja, gari likawa zuri hujui ni kwa nini, likawa baya hujui pia. Hewa nyepesi ina zawadi moja: silinda haijai sana, injini haigongi upesi, na mara nyingi inaruhusu taimingi kusogezwa mbele digrii mbili tatu kuliko pwani. Hapo utapata nguvu ambazo hakuna duka linaziuza.

Halafu inafika Desemba na watu wanashuka Mombasa. Gari lililopimwa Ruiru, likifika usawa wa bahari, hewa inakuwa nzito na mafuta yanakuwa haba. Linapata joto, linagonga, na dereva analaumu jua la pwani. Safari Rally iliishi na tatizo hili tangu ilipoanza 1953. Enzi za Joginder Singh, aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, magari ya kabureta yalitoka nchi za chini hadi nyanda za juu, na gari la namna hiyo huwezi kulibadilishia jeti kila kilima. Unachagua mapatano ukaishi nayo. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa Simba wa Kenya, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko watu wanavyokumbuka. Sisi tusio na mashindano tuna nafasi nzuri zaidi. Weka jeti za pwani kwenye kikopo ndani ya gari, na ukisimama kula Mtito Andei au Voi, zibadilishe, taimingi uirudishe nyuma kidogo. Ni kazi ya bisibisi na uvumilivu.

Magari haya hayaongezeki. Kanuni ya viwango ya KS 1515 hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo kila linaloshuka bandarini sasa ni la kompyuta, linapima hewa lenyewe na kujirekebisha kutoka Kilindini hadi Limuru bila kumsumbua mtu. Silichukii. Lakini yale yaliyobaki, Corolla, Datsun, Peugeot 504 na Land Rover ambazo nyingine ziliunganishwa hapo Thika kwenye kiwanda kilichoanza kwa jina la Leyland Kenya, yatatunzwa na vijana ambao wengi wamejifunza kabureta kwenye bodaboda. Wana mikono mizuri. Wanachokosa ni kumbukumbu. Kila gari likibadilisha mwenyewe, ujuzi wa miaka huondoka na fundi wake, na mwenye gari mpya anaanza upya na kitabu cha usawa wa bahari.

Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji mwenye kabureta chini ya boneti. Chukua karatasi, andika jeti kuu ya kila koo, jeti ya mizunguko ya chini, namba ya plagi na mwanya wake, taimingi, inchi za vakyumu, mahali ulipopimia na kimo chake. Ifunike kwa plastiki, ibandike chini ya boneti. Siku utakapoliuza gari, iache hapo.